Shina la Kihamba 418

Siku ya uhakiki nilivaa koti langu jeupe nililolipiga pasi mara mbili, maana mwenye hatia hupenda usafi. Bwana Lwitiko, mhakiki wa hati kutoka wilayani, alifika saa tatu asubuhi na kisanduku chake cha sindano, akasaini kitabu cha wageni, akakataa chai. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimfungulia mlango wa Ghala la Mashina kwa kiganja changu, kwa kuwa hakuna kiganja kingine katika kata yetu ya Kyarano ambacho mlango ule unakitambua.

Ndani mna chupa mia sita na kumi na mbili, na katika kila chupa limesimama chipukizi la isale, ule mmea wa mpakani, lenye urefu wa kidole, miguu yake ikiwa ndani ya uji mzito wa kukuzia. Asiyejua angedhani ni duka la mapambo. Kumbe kila chipukizi ni hati ya kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba yake. Babu zetu walipanda masale mipakani tangu zamani, na Serikali ikaja kuona kwamba walikuwa na akili kuliko sisi. Hati za karatasi ziliungua. Zile za mtandaoni ziliingiliwa, wilaya nzima ikaamka asubuhi moja ikiwa mali ya watu wanane wasiojulikana hata kwa sura. Ndipo ikaamuliwa kwamba umiliki uandikwe ndani ya mmea wenyewe.

Kazi inafanyika hivi. Jina la mwenye kihamba na ukoo wake hugeuzwa kuwa mpangilio wa vinasaba, huingizwa katika seli ya isale, na baada ya wiki tisa chipukizi linaota. Tangu hapo kila jani jipya huzaliwa na jina lile. Mmea mmoja hubaki ghalani, huo ndio shina mama, na namba ya chupa yake ndiyo namba ya kihamba kwenye ramani. Watoto wake hupandwa mpakani. Ukichoma jani kwa sindano ya kusomea, jina hutokea kwenye kioo kabla hujahesabu kumi. Na kama mpaka unasema hili na ghala linasema lile, sheria ni fupi hata mtoto wa shule anaijua: shina mama halibishaniwi.

Bwana Lwitiko alisoma chupa moja baada ya nyingine, mimi nikiandika. Hufanyika hivyo kila baada ya miaka saba, na huu ulikuwa uhakiki wa kwanza tangu mashina yaoteshwe. Chupa ya 417 ilisoma Nderumaki Swai, kama ilivyopaswa. Chupa ya 418 nayo ikasoma Nderumaki Swai.

Akabadilisha sindano, akasoma tena. Jina likawa lile lile. Kalamu ikanitoka mkononi, nikainama kuiokota, na nilipokuwa nimeinama pale chini nikaelewa kosa langu lote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Akaniuliza kihamba 418 ni cha nani. Nikamwambia ni cha marehemu Elisaria Kweka, aliyefariki mwaka jana, na sasa anakaa mjane wake, Mama Kundaeli.

"Mama Nkya," akasema, "nakuuliza kwa kiapo chako. Chupa hii imewahi kufunguliwa?"

"Haijawahi," nikasema.

*

Nilikuwa nimeifungua mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa miezi minane kabla, wiki ile Elisaria Kweka alipozikwa. Ni yeye aliyenifundisha kupandikiza miche ya kahawa nilipokuwa msichana wa darasa la sita, kwa mikono yake na kisu chake, bila kunicheka nilipokosea. Bila yeye nisingependa mimea, na nisingesoma nikawa mtunza mashina. Nilirudi kazini kutoka msibani nikiwa na mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, kwenye chupa ya maji. Babu yangu alikuwa akimwaga mbege kwenye shina la isale kuwakumbuka waliotangulia, kisha ndipo wanywe walio hai. Mimi ni mzee wa kanisa. Nina shahada ya maabara. Lakini siku ile nilikuwa peke yangu, na shina la mwalimu wangu lilikuwa mbele yangu lenye jina lake ndani ya kila jani. Nikafungua kifuniko, nikamdondoshea tone moja, nikamwambia aika mbe, asante mzee, nikafunga.

Yeyote aliyewahi kupika mbege anajua kilichofuata. Hamira ikaingia kwenye uji wa kukuzia, ambao una sukari tele, ikafanya kazi yake. Siku ya nne chupa ilikuwa na povu na shina limekuwa utelezi. Nilipofungua mara ya pili harufu ya pombe ikanijaa puani kama nimeingia kilabuni.

Kanuni inasema shina likifa, mtunzaji atoe taarifa siku hiyo hiyo, mashahidi waitwe, na chipukizi jipya likatwe mpakani mbele yao na kusomwa. Si jambo gumu. Lakini ningelazimika kusema limekufa kwa nini. Niliwaza uso wa mchungaji, nikawaza wenzangu wa wilayani wakicheka kwamba kuna mwanamke wa maabara huko Kyarano anatambikia chupa. Nikaona aibu ile ni kubwa mno, siiwezi. Laiti ningejua ilivyokuwa ndogo.

Nilikwenda mwenyewe mpakani, mchana wa mvua, watu wakiwa ndani. Kati ya kihamba cha Swai, kilicho juu, na cha Kweka, kilicho chini, kuna safu mbili za masale, kila mmoja na yake, na katikati unapita mfongo, yaani mfereji wa maji. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo: masale yaliyo chini ya mfongo ni ya mtu wa chini. Nikashuka, nikavuka mfongo, nikakata chipukizi kwenye safu ya kwanza niliyoikuta, la kutia katika chupa ile. Sikulisoma, kwa sababu kila sindano inapochoma jani taarifa huenda wilayani. Nililiamini jicho langu. Sikujua kwamba mvua zile zilikuwa zimebomoa kingo, na mahali pale maji yalikuwa yamejitafutia njia mpya juu ya safu zote mbili. Safu ya kwanza chini ya mfongo ilikuwa ya Swai.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tatizo ni kwamba kilio kile hakikuwa kwangu. Kilikwenda kwa mtu mwingine.

*

Bwana Lwitiko alikwenda mpakani mchana ule ule, akasoma safu ya chini. Ilisema Elisaria Kweka, jani kwa jani. Kwangu mimi huo ulikuwa ukweli. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi wa wizi: shina mama linasema Swai, mpaka unasema Kweka, basi kuna mtu alipanda masale ya kughushi. Akaandika kwamba marehemu alihamisha mpaka. Mjane akapewa siku thelathini za kupinga, kabla kihamba chote hakijaandikwa jina la Swai.

Nilijiambia nitasema kesho yake. Usiku sikulala, na asubuhi nikawa nimepata sababu nzuri sana ya kunyamaza. Kanuni ya kumi na nne: mtunzaji akivunja kiapo, ghala lake lote hufungwa, na hati zote zilizomo huwa hati za shaka kwa siku tisini. Kihamba ambacho hakijasomwa upya na kupata shina jipya ndani ya siku hizo huingizwa kwenye orodha ya ardhi isiyo na mwenyewe. Kata ya ng'ambo ya mto iliingia kwenye orodha hiyo. Kampuni zinazopanda miti ya kufyonza hewa chafu zikapewa kwa miaka arobaini. Migomba ikang'olewa, makaburi yakazungushiwa waya, na ukisimama darajani leo unaona miti imepangwa mistari na hakuna moshi wa jiko hata mmoja.

Basi nikajiambia kwamba siwezi kuponza kaya mia sita na kumi na moja kwa ajili ya kaya moja. Maneno hayo ni mazuri. Nilikuwa nayasema nikipika, nikifua, nikifunga mlango wa ghala. Lakini mtu anajijua. Nilijua kwamba hata kama kata ingekuwa na chupa mbili tu, ningetafuta sababu nyingine.

Na mambo yalikuwa yamekaa vizuri mno kwa mwoga. Nderumaki Swai si mtu mbaya. Alikuja ghalani siku ya tatu akiwa na kofia mkononi, akasema yeye hakuomba kihamba cha mtu. Lakini chupa ikisema, imesema, na baba yake alikuwa akinung'unika maisha yake yote kwamba Kweka wa zamani aliwasogelea. Akasema Mama Kundaeli atakaa pale pale mpaka afe, avune ndizi zake, hakuna atakayemgusa. Kinachobadilika ni jina tu.

Jina tu. Nililishika neno hilo nikalala nalo. Hakuna anayefukuzwa, nikajiambia, hakuna anayelala njaa. Anayepoteza ni maiti, na maiti haina shida.

Kanisani Jumapili nilimwona Mama Kundaeli amekaa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye miaka yote hukaa la pili. Watu walimsalimia kwa sauti ya chini. Kwetu mtu anaweza kusamehewa ulevi, hata ngumi, lakini aliyesogeza mpaka hutajwa vizazi vitatu. Alinitazama, akatabasamu kidogo kana kwamba anaomba radhi kwa kuwa karibu nami. Nikajifanya natafuta namba ya wimbo.

*

Siku ya kumi na tisa alikuja nyumbani kwangu asubuhi, amevaa kitenge chake cha misiba. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Nilidhani amejua. Nilidhani ananiletea mimi, sijui kwa nini nilidhani hivyo. Nikamkaribisha kiti. Akakataa kukaa.

"Haikaeli mwanangu," akasema, "naomba unisindikize kwa Nderumaki. Nakwenda kumwombea Elisaria msamaha."

Akaendelea, taratibu, kama mtu aliyepanga maneno yake njia nzima. Alisema hakuwahi kumwona mume wake na panga mpakani, miaka arobaini na sita. Lakini mwanamume ana mambo yake, na huenda alifanya yeye akiwa sokoni, au akiwa amelazwa na uzazi. Alisema mwanzoni alitaka kupinga.

"Ila nikakumbuka umeapa. Mashine inaweza kukosea. Wewe nimekujua ukiwa mtoto, hudanganyi."

Akasema tangu siku ile hajafagia kaburi. Akitoka nje anapitia nyuma ya banda la ng'ombe ili asilione. Alikuwa akizungumza nalo kila asubuhi, na sasa hajui amwambie nini.

Mgeni anayesoma haya lazima ajue uzito wa jani lile. Kwetu mtu akikuletea isale lililofungwa fundo huwezi kulikataa, hata kama amemuua ndugu yako. Unalipokea kwa mikono miwili, na jambo limekwisha. Halifufuliwi tena na wewe wala na wajukuu zako. Kama Nderumaki angelipokea, kosa la Elisaria Kweka lingekuwa limekiriwa na kusamehewa, na hakuna mhakiki wala jaji ambaye angelichimbua. Mimi ningekuwa salama kabisa, kata ingekuwa salama, mjane angekufa kwake. Ilibidi nitembee tu dakika kumi na kusimama kimya kama shahidi.

Nilivaa viatu nikamfuata. Naona aibu kuandika kwamba nilimfuata nikiwa bado sijaamua. Tulipanda kwa njia ya mfongo, yeye mbele. Pale maji yalipohama aliruka kidogo, akageuka akanipa mkono ili nisiteleze. Niliushika. Ulikuwa mkavu na wenye nguvu, na nikawa natamani auvute asinipe.

Nderumaki alikuwa uani akichambua kahawa na mke wake. Alipoona jani akainuka mara moja, akanawa mikono, akavua kofia. Mke wake akatoa ungo njiani. Mama Kundaeli akasimama hatua mbili mbele yake, akainamisha kichwa. Akasema kwamba amekuja kwa niaba ya mume wake aliyelala, aliyekosa dhidi ya nyumba hii. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye jina. Alilisema Elisaria kwa kunong'ona, kama neno chafu, akanyoosha jani.

Nderumaki akanyoosha mikono.

"Usipokee," nikasema.

Wakanigeukia wote watatu. Nikasema yote, mbege, povu, chipukizi, mvua, na kiapo cha uongo, haraka haraka na bila mpangilio, nikirudia mengine. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza kuku walikuwa wameanza kudonoa kahawa, na hakuna aliyewafukuza.

Nderumaki akawa wa kwanza kusema. "Dada Haikaeli, unajua ghala litafungwa?"

"Najua."

"Kata nzima. Pamoja na mimi. Pamoja na wewe." Hakuwa amekasirika, alikuwa ameogopa, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. "Nilishasema mama atakaa mpaka afe. Nani alikuwa anaumia?"

"Elisaria," akasema Mama Kundaeli.

Alikuwa bado ameshika jani. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu siku ya uhakiki. Akahesabu kwa midomo bila sauti, nikaona anafika kumi na tisa. Kisha akageuka, akashuka njia ile ile tuliyopandia, na safari hii hakungoja mtu pale penye utelezi. Nilimwona kutoka juu akipita mbele ya banda la ng'ombe, si nyuma yake. Akapiga magoti kwenye kaburi la mume wake, akaliweka jani pale kwa mikono miwili.

*

Bwana Lwitiko alifunga ghala kesho yake. Hakunifokea. Alisoma kanuni ya kumi na nne kwa sauti kama sheria inavyotaka, akafuta kiganja changu kwenye mlango, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndani ya wiki moja vijana wa kampuni za miti walikuja kuchomeka vibendera vya manjano kando ya msitu, kwa adabu, wakisalimia kila mtu.

Hukumu yangu ilitolewa ofisi ya kata. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye ujuzi wa kuotesha mashina, kwa hiyo nilipewa kazi ile ile, bila koti na bila mshahara, nipite lango kwa lango pamoja na mhakiki na mashahidi wawili, tusome mpaka, nikate chipukizi jipya. Na kila lango, kabla ya kufungua sindano, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya. Vihamba saba kwa siku, siku tisini. Tukichelewa, watakaobaki wanaingia orodha.

Nimesema maneno hayo mara nyingi mpaka yamekuwa mepesi mdomoni, lakini tumboni hayajawa mepesi hata kidogo. Wengine walinisikiliza migongo ikiwa imegeuka. Mama mmoja alinitemea mate karibu na mguu, kisha akaleta kiti kwa ajili ya Bwana Lwitiko. Mzee mmoja mtundu akauliza kwa nini baba yake hakupewa hata tone, na alikuwa mnywaji kuliko Kweka. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikajichukia kwa kucheka, maana nilikuwa nimetafuta huruma na nimeipata kwa bei rahisi. Uzee wa kanisa nilivuliwa Jumapili ya tatu. Ile aibu niliyoikimbia ilikuwa imeningoja tu, imezaa na kuongezeka.

Siku ya sitini tulifika lango la 418.

Nilikuwa nimekariri maneno mengine kwa ajili yake, mengi, na asubuhi ile nilikuwa nimepita kwenye masale ya baba yangu na kisu mkononi. Sikukata. Nilijiambia kwanza nione uso wake.

Mama Kundaeli alikuwa ametungoja mpakani. Nilisema niliyopaswa kusema, kama kwenye kila lango, naye akasikiliza kama kila mtu. Bwana Lwitiko akachoma jani la safu ya chini. Kioo kikaandika, naye akasoma kwa sauti: Elisaria Kweka, wa ukoo wa Kweka. Mama akaomba asome tena. Bwana Lwitiko akasoma tena, polepole zaidi, na mashahidi wakaweka saini.

Nikakata chipukizi, nikalitia kwenye chupa mpya, nikaandika namba. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Nilipoinuka alikuwa karibu nami, akiitazama chupa. Nikafungua mdomo.

"Haikaeli," akasema kabla sijatoa neno, "usiniletee isale."

Nikafunga kifuniko cha chupa.

"Ukileta itanibidi nipokee. Na mimi bado sitaki."

Hakulisema kwa hasira. Aliinama akaondoa jani kavu lililoganda kwenye koti la Bwana Lwitiko, akatuambia njia ya kwenda 419 ina tope, tupitie juu. Mchana ulikuwa umeanza kuondoka na tulikuwa na vihamba viwili vya kumaliza. Nikaibeba chupa ya mume wake kifuani, nikapitia juu.